Joto la Jirani

Unga wa Mwanahawa Saidi ulianza kuumuka kabla ya wakati wake mwezi wa Novemba, wiki chache baada ya Jumba la Forodha kupakwa chokaa hai. Kila alipofunua beseni aliukuta umefurika, umechachuka, unanuka kama togwa iliyosahaulika. Akapunguza hamira, ukachachuka vile vile. Akagombana na muuza hamira, kisha na muuza unga, mpaka asubuhi moja alipoegemea ukuta wa chumba chake cha kukandia ili apumzishe mgongo, akaruka kama aliyeguswa na pasi. Ukuta ulikuwa wa moto. Upande wa pili wa ukuta ule hapakuwa na jiko wala jua. Palikuwa na makumbusho, hilo Jumba la Forodha lenyewe, jengo lenye baridi kuliko yote Mikindani.

Mwanahawa hakunawa hata mikono. Alijifunga kanga ya pili kiunoni, akatoka na unga wake vidoleni, akaenda kumtafuta mwenye chokaa.

Mwenye chokaa alikuwa Asumini Nandonde, mhandisi, na saa ile alikuwa ghorofa ya pili akiwaonyesha wageni kutoka wizarani kazi ya mikono yake. Hakuwa mtu wa kujificha anapofanikiwa. Alisimama katikati ya ukumbi wa vinyago, mikono nyuma, akawaambia wageni wanyamaze kidogo wasikilize.

"Mnasikia nini?"

"Hatusikii kitu," alisema mmoja.

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Mwaka jana msingeweza kusikilizana humu kwa ngurumo za viyoyozi. Leo hakuna hata kimoja kinachowaka, na mko kwenye nyuzi ishirini na mbili. Nje ni thelathini na tisa."

Wageni walicheka kwa furaha, mmoja akapapasa ukuta mweupe kama anayempapasa ng'ombe mwenye maziwa mengi. Miaka ile joto la pwani lilikuwa limepanda mpaka umeme wa kupoza majengo ukawa wa mgao, kila mji na fungu lake. Jumba la Forodha lilikuwa jengo la mawe la zamani mno, na viyoyozi vyake peke yake vilikula umeme kuliko nyumba zote za mtaa. Halmashauri ikakata shauri: jumba lipunguze matumizi, la sivyo lifungwe na vitu vyake vipelekwe Dodoma. Asumini ndiye aliyekuja na njia ya tatu.

Chokaa yake ilikuwa ya mawe ya pwani kama chokaa nyingine yoyote, ila ndani yake waliishi viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wa ukoo mmoja na wale wanaojenga matumbawe baharini. Wakishapakwa ukutani hutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo hunyonya joto la chumba na kulisukuma penye unyevu. Penye unyevu palikuwa pamekwisha tayarishwa: kisima kipana cha kale chini ya ua wa jumba. Joto lingeshuka kisimani mchana, usiku lingepanda na mvuke na kupotea. Hapakuwa na mashine wala waya. Umeme uliookolewa ulikwenda zahanati, kwenye wodi ya wazazi, na tangu hapo hapana mtoto mchanga aliyezimia kwa joto.

Mwanahawa aliingia ukumbini akawapita wageni wote.

"Wewe ndiye Bi Mhandisi?"

"Ndiye mimi, dada. Karibu."

"Mimi hapo ubavuni kwenu, naoka mikate. Njoo ushike ukuta wangu."

Mgeni mmoja alitabasamu. Asumini hakutabasamu. Aliitazama mikono ile yenye unga, akauliza swali moja tu.

"Chumba chako kina maji? Bomba, mtungi, sehemu ya kuogea?"

"Pana mitungi minne, na bafu liko nyuma yake. Kwa nini?"

Asumini alikuwa ameshageukia ngazi. "Twende," alisema, akawaacha wageni wamesimama.

*

Hakuhitaji vipimo vingi. Aliweka kiganja ukutani, akakiondoa. Kisha alipiga magoti, akaparura plasta ya chini kwa bisibisi, na pale, katikati ya udongo wa msingi, akaziona nyuzi zake mwenyewe, nyeupe, zenye afya, zimeshonana kama mizizi ya nyasi.

Alijua jibu hata kabla ya kuteremka kisimani kuhakikisha. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimechelewa. Maji ya kisima yalikuwa yameshuka chini kabisa, na nyuzi zilipokosa unyevu nyumbani zikaenda kuutafuta kwa jirani. Msingi wa jumba na misingi ya nyumba za mtaa ilijengwa pamoja, jiwe kwa jiwe. Zikapenya. Zikafika kwenye mitungi, kwenye mabafu, kwenye majiko ya watu. Na kila zilipofika zilishusha mzigo wao.

Ndiyo maana ukumbi wa vinyago ulikuwa baridi hivyo. Chokaa hai haitengenezi baridi. Huhamisha joto tu, na Asumini alikuwa amelisema hilo kwenye kila mhadhara wake bila kuacha, kwa sauti ya mtu anayesema jambo dogo.

"Ni nani wengine ukuta wao una moto?" aliuliza.

"Kwa Likonde fundi cherehani. Kwa mama Zainuna. Huku juu anapolala mama yangu..." Mwanahawa alikatiza, akageuka kutazama ngazi. "Lakini mama tangu asubuhi hajashuka."

Walipanda wote wawili mbio. Bi Hadia, mama yake Mwanahawa, alikuwa amelala kitandani, kitanda kimesukumwa ukutani kama alivyopenda, uso mwekundu na mkavu, midomo imepasuka. Aliitwa, akafumbua macho, akamtaja mtu aliyekufa zamani. Ngozi yake haikuwa na tone la jasho.

"Mshike miguu," alisema Asumini.

"Tunampeleka wapi? Zahanati ni mbali, na jua hili!"

"Mlango wa pili. Kwangu."

Wakambeba mama yule mpaka ndani ya makumbusho, wakamlaza sakafuni, katikati ya vinyago, mbele ya wageni wa wizara ambao sasa hawakuwa wakicheka. Asumini alivua mtandio wake, akauchovya maji, akamkanda kifuani na kwapani. Mwanahawa alikuwa akimpepea kwa kipande cha boksi, machozi yanamtiririka, halafu akasimama ghafla, akatazama huku na huku: dari la juu, kuta nyeupe, hewa ile tamu.

"Kumbe baridi yetu mmeiweka huku," alisema.

 Muuguzi wa zahanati, aliyeitwa na mmoja wa wageni, alipofika na baiskeli ya wagonjwa, Bi Hadia alikuwa ameanza kutokwa jasho na kuulizia viatu vyake. Angepona. Lakini muuguzi alimvuta Asumini pembeni akamwambia kwamba wangechelewa kidogo tu kumpoza, wasingekuwa wanazungumza habari za kupona.

*

Anselmi Chitanda, mkurugenzi wa makumbusho, alifunga mlango wa ofisi yake taratibu. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye mazoea ya kusafisha miwani kila alipotaka kusema neno zito.

"Unataka kuzikata," alisema.

"Leo. Nachimba mtaro kati ya msingi wetu na wao, naujaza majivu makavu. Nyuzi haziwezi kuvuka pakavu. Zilizobaki upande wao zitakufa zenyewe."

"Na jumba?"

"Litapanda joto. Kisima peke yake hakiwezi. Thelathini na mbili, labda zaidi."

Chitanda alivua miwani. "Zile kanda, Asumini."

Alijua angezitaja. Chumba cha chini kilikuwa na mamia ya kanda za sauti, za zamani, za utepe wa sumaku. Zilirekodiwa kisiwani Kitongo kabla bahari haijakifunika: harusi, matanga, nyimbo za kutwanga, watu wakitajana majina ya mashamba ambayo leo ni maji. Utepe ukipata joto na unyevu hunata, ukinata haufunguki tena. Kuzinakili ilikuwa kazi ya polepole mno, na nusu yake ilikuwa bado.

"Sisemi tuwaache watu waungue," alisema Chitanda. "Mimi si mnyama. Nasema wahamishwe. Tuwatafutie pa kulala mwezi mmoja, mvua ikinyesha kisima kijae, nyuzi zirudi zenyewe. Nani atadhurika?"

"Utawahamisha kwa kuwaambia nini?"

Chitanda aligeukia dirishani.

"Utawaambia ukweli, au utawaambia ni matengenezo?"

"Nikiwaambia ukweli, wizara inafunga jumba kesho. Na wewe, ile miji mingine iliyokwisha kupokea chokaa yako itaibandua. Na ukisema turudishe viyoyozi, umeme utatoka wapi? Kwenye wodi ya wazazi?" Alielekeza kidole sakafuni, kwenye chumba cha chini. "Mimi nilizaliwa Kitongo. Mama yangu yumo kwenye kanda zile, anaimba. Nilikuwa na umri wa kunyonya. Siwezi kusimama hapa nikajifanya sina upande."

Asumini alikaa. Hakuwa amejua habari za mama yake. Kwa muda aliyapima maneno yale kwa haki, maana hayakuwa maneno ya mtu mbaya. Upande mmoja sauti za watu waliokwisha kufa, ambao hawana pengine pa kuishi isipokuwa kwenye utepe ule. Upande wa pili watu wa mtaa, na upande wa tatu watoto wachanga. Na yeye mwenyewe, jina lake, miaka yake yote ya maabara. Angeweza kupanga hesabu nzuri ya kuonyesha kwamba mwezi mmoja si kitu.

Lakini kila alipoianza, ilimjia sauti ya Mwanahawa akitazama dari. *Kumbe baridi yetu mmeiweka huku.*

"Mkurugenzi," alisema, "kitu kibaya si kwamba nyuzi zilipotea njia. Hilo naweza kulirekebisha. Kibaya ni kwamba tangu leo asubuhi mimi na wewe tunajua. Nikingoja hata siku moja, si ajali tena. Ni sisi."

Chitanda aliitazama miwani mikononi mwake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Kanda tutazipigania," aliendelea Asumini. "Tumekuwa tukipoza jengo zima ili kuokoa chumba kimoja. Vinyago vilichongwa vijijini, vikakaa kwenye moshi na joto miaka nenda rudi, havihitaji ishirini na mbili. Tupoze chumba cha kanda peke yake, kiyoyozi kimoja kidogo, umeme ambao zahanati haitausikia. Sehemu nyingine yote ya jumba tuifungue ipumue. Yale matundu ya upepo ya juu, yaliyozibwa kwa saruji walipoleta viyoyozi, tuyazibue."

"Na mpaka chumba kiwe tayari?"

"Mpaka hapo tutapoteza baadhi. Sikudanganyi."

Chitanda alisafisha miwani kwa muda mrefu. Mwishowe akaivaa, akafungua droo, akatoa funguo za stoo ya majembe.

"Anza na upande wa mama yule," alisema.

*

Mtaro ulichimbwa mchana kweupe, watu wote wakiona. Asumini hakungoja kuulizwa. Alisimama barabarani akawaambia majirani kilichotokea, chokaa ni ya nani, na kosa ni la nani. Likonde fundi cherehani alimtukana tusi zito, kisha akaingia ndani, akatoka na sururu. Majivu yalitoka kwenye tanuri la Mwanahawa, linalowaka kwa vifuu, debe baada ya debe, na Mwanahawa mwenyewe akiyamwaga bila kusema neno.

Jumba lilipanda joto kama Asumini alivyotabiri. Mafundi walizibua matundu ya juu, saruji ikidondoka vipande vipande, na upepo uliokuwa umefungiwa nje ukaingia ukashuka ngazi kwa nguvu mpaka ukaangusha bango la makaribisho. Chini, Chitanda na Asumini walihamisha masanduku ya kanda kwa mikono yao, wakajenga chumba ndani ya chumba kwa magodoro na mbao, wakakiwashia kiyoyozi kidogo kuliko vyote. Waliwahi nyingi. Sanduku moja, lililokuwa limesukumwa mwisho kabisa wa rafu, hawakuliwahi. Chitanda alilifungua, akajaribu kuvuta utepe kwa ncha ya kidole. Ulikuja na ngozi yake, kahawia, ukakatika.

Asumini alisoma jina lililoandikwa ubavuni, akaelewa.

"Mkurugenzi..."

"Kuna mwanamke mwingine kwenye kanda ya pili, anamwitikia mama," alisema Chitanda. "Kiitikio kipo. Tutaanza kunakili na hiyo." Akalifunika sanduku kwa uangalifu, akalirudisha rafuni kama lililo zima, akashika lingine.

*

Wizara haikulifunga jumba siku ya pili, wala ya tatu. Ilimtaka Asumini aeleze, akaeleza. Ilimtaka asimamishe kazi katika miji yote, akasema ameshawapigia simu tangu siku ile ile ya mtaro. Kisha aliomba jambo ambalo hawakulitarajia: asikilizwe na mtaa kwanza, wao baadaye.

Mkutano ulifanyika kwenye ua wa jumba. Bi Hadia alikuja kwa miguu yake, akapewa kiti cha mbele, Asumini akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kumtazama.

"Nyumba zenu ni fupi na mapaa yake ni mapana," alisema Asumini. "Jumba hili ni refu na paa lake ni dogo. Usiku, mbingu ikiwa wazi, paa jeupe hulitoa joto likapanda juu moja kwa moja, lisirudi. Nataka kupaka chokaa kuta zenu na mapaa yenu, nyuzi zipande badala ya kushuka. Maji ya kuzilisha tutayavuta juu kwa bomba, kidogo tu, tuyaone yanakokwenda. Hazitaingia ardhini tena kwa sababu majivu yatabaki pale pale."

"Chokaa ile ile?" aliuliza Likonde. Watu wakaguna.

"Ile ile."

Mwanahawa alisimama. "Mimi nina swali. Joto la makumbusho lilikuja kwetu. La kwetu litakwenda kwa nani?"

 Hilo ndilo swali ambalo Asumini alikuwa amelala nalo na kuamka nalo, na alifurahi kwamba limeulizwa na mtu mwingine.

"Juu," alisema. "Hapo juu hapana mtu. Lakini usiku wa mawingu halitatoka lote. Litabaki, na litabidi tuligawane. Siku hizo nyumba zenu zitapanda joto kidogo, na jumba litapanda kiasi hicho hicho, na chumba cha kanda peke yake ndicho kitakachobaki chini. Mtu yeyote atakayesema ameligundua paa ambalo halihitaji mgawo, mfukuzeni. Mimi nilikuwa nasema hivyo."

"Na tukikataa?"

"Mkikataa, hamkosi kitu. Kuta zenu zimeshapoa."

Bi Hadia ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Alimgeukia binti yake, akauliza kwa sauti ya mtu mwenye usikivu mdogo, "Anataka paa letu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi na atengeneze kwanza pale panapovuja."

Watu walicheka, hata Likonde. Halikuwa jibu la ndiyo, lakini mkutano ulipovunjika watu hawakwenda makwao. Walipanda na Asumini kutazama mapaa, mmoja mmoja, kila mtu akimwonyesha pake panapovuja.

Kazi ile ilikula Desemba yote. Hapakuwa na muujiza. Nyumba zilifika nyuzi ishirini na nane, na jumba pia ishirini na nane, na watalii wachache waliolalamika walipewa pepeo za ukili mlangoni. Paa la mama Zainuna lilikataa kushika chokaa mara mbili, likapakwa mara ya tatu. Usiku mmoja wa mawingu mazito mtaa mzima uliamka na jasho, na asubuhi Likonde alikuja makumbusho kuhakikisha kwamba na huko ndani wametokwa jasho. Aliwakuta wametokwa. Akarudi kwenye cherehani yake ameridhika. Unga wa Mwanahawa ulianza kuumuka kwa saa zake.

Wizara ilikuja kupima, ikakuta jumba linatumia sehemu ndogo mno ya umeme wa zamani. Mgeni yule aliyepapasa ukuta mwezi wa Novemba alimuuliza Asumini kama sasa wanaweza kutangaza ushindi.

"Bado," alisema. "Kuna jengo Tanga lilikuwa la kwanza kupakwa, kabla ya hili. Nilipowapigia simu walijibu kwamba kwao kila kitu ni shwari."

"Na huwaamini?"

"Naamini wameangalia ndani tu."

Alisafiri mwanzoni mwa Januari. Jumba la Minara, makumbusho ya Tanga, lilikuwa limesimama jeupe, zuri, na mlinzi wa getini alimpokea kwa heshima zote. Mkurugenzi anamngoja, alisema, chai iko tayari, na ndani ni baridi mno, atafurahi.

"Namshukuru. Mwambie nitachelewa kidogo," alisema Asumini. "Nyumba zile zinazogusana na ukuta wenu wa nyuma, njia yake ni ipi?"

Mlinzi alimtazama bila kuelewa, akamwonyesha kichochoro kwa kidole. Asumini alikifuata mpaka mwisho. Palikuwa na mlango wa bluu uliofunguliwa nusu, na ndani mwanamke amekaa kizingitini akijipepea kwa upande wa kanga, miguu ndani ya beseni la maji. Ukuta nyuma yake ulikuwa umepasuka plasta.

Asumini alishusha begi lake.

"Hodi," alisema.